Ua na Wenyewe

Neno "ua" watunzi wamelichezea tangu zamani, kwani lina sura tatu: ua lichumwalo bustanini, ua kwa maana ya kutoa roho, na ua uizungukao nyumba. Mbili za mwanzo zimejaa katika mashairi. Ya tatu imeachiwa wenye nyumba. Walakini kamusi ya A. C. Madan, iliyochapishwa Oxford mwaka 1903, iliutazama ua huu wa tatu kwa makini na kuupa maana mbili zikaazo pamoja: kiwanja cha nyuma ya nyumba, na kile kilichokizunguka kiwanja hicho. Hiyo ni busara ya lugha. Pasipo kizuizi hapana uani. Pana uwanja tu, ambao kila mbuzi ana haki nao.

Ua wa asili wa visiwani ni wa makuti, na makuti si ya namna moja. Makuti ya viungo, yaliyopangwa na kufungwa juu ya kijiti, ni ya kuezekea. Ya kumba na ya pande ni ya kuzungushia. Kwa haya ya pande, kuti hupasuliwa katikati kwa urefu wa upongoo wake, kila nusu ikasukwa peke yake mithili ya mkeka mnene. Asiyeijua tofauti hiyo aghalabu amezaliwa chini ya bati.

Kuubadili ua ilikuwa kazi ya mume na mke, bila ya fundi, na iligawanywa kwa desturi isiyoandikwa popote. Mume alizichimbia nguzo, za mkandaa akizipata, kisha akafunga fito za kulala. Mke alikwisha kusuka tangu siku nyingi kabla, jioni kwa jioni baada ya kazi za jikoni, akiyalaza makuti kwa mafungu penye kivuli. Siku yenyewe ilipofika, ua mkongwe uling'olewa, makuti makavu yakaingia jikoni kuwashia moto, na nguzo zilizolika chini zikakatwa ncha zitumike tena kwa ufupi wake. Hapo ndipo ilipohitajika mikono minne. Kamba hupenyezwa kutoka nje kuja ndani kisha ikarudishwa, na aliye nje hakioni kidole cha aliye ndani. Kazi huenda kwa sauti: "Vuta!" "Bado!" "Kaza sasa!" Kamba zenyewe nazo zilikuwa jasho la wanawake, maana makumbi hufukiwa ufukweni miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa mpaka ukatoka usumba wa kusokota.

Makuti hayadumu. Baada ya miaka michache masika na jua la kaskazi huyalegeza, na kazi ikaanza upya. Ndoa ya miaka ishirini iliuona ua wake ukizaliwa mara kadhaa, na mikono ya mke ilikuwamo katika kila uzazi.

Nyuma ya ua huo ndiko kulikopikwa, kulikofuliwa, kulikosingwa biharusi na kulikoliliwa maiti. Katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja palikuwa na wikio, kile kivuko kilichounganisha ghorofa za nyumba mbili juu ya kichochoro, wanawake wakatembeleana bila ya kushuka njiani. Ng'ambo, penye nyumba za udongo, kazi hiyo ilifanywa na pengo katika ua. Mpita njia angelidhani ni uchakavu, kumbe liliachwa makusudi.

Sifa nyengine ya ua wa makuti ni kwamba unahamishika, na hapa ndipo historia yake inapokuwa chungu. Baada ya hali ya utumwa kufutwa kisheria mwezi wa Aprili 1897, wengi katika walioachwa huru walihamia mjini wakajenga Ng'ambo, upande wa pili wa ule mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Nyumba ilikuwa yao, lakini ardhi ilikuwa ya mtu mwengine, au ya wakfu. Wanawake walikuwa wengi miongoni mwa wenye nyumba hizo. Kodi za viwanja zilipozidi kuwaelemea, mwaka 1928 wakaazi waligoma kulipa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele katika mgomo huo. Ni mwaka ule ule ambao Siti binti Saad alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Mtu anayeishi juu ya ardhi isiyo yake hajengi ukuta wa mawe. Huzungusha kitu ambacho, akifukuzwa, ataweza kukifungua kamba, akakikunja na kwenda nacho.

Machi 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya taifa. Katika miaka ya 1970 yakainuka magorofa ya Michenzani, ambayo yalikuwa na mengi mema isipokuwa uani. Waliobaki chini walianza, kila mmoja kwa uwezo wake, kuyaacha makuti na kuweka madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati, kisha matofali ya saruji, hasa baada ya Sheria ya Ardhi ya 1992 kuweka utaratibu mpya wa haki ya kumiliki. Sababu zao hazina lawama. Makuti hushika moto upesi, mwizi huyapasua kwa kisu, na mikoko imekatwa kiasi cha kutisha pwani nzima. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti zake nje tangu 1982.

Lakini ukuta wa matofali hauna kazi ya mke. Fundi hulipwa, saruji hununuliwa, na risiti huandikwa kwa jina la aliyetoa fedha, ambaye aghalabu ni mume. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku ya talaka.

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Mwanamke aliyeileta rufaa hiyo mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kuzitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara. Waliofaidika na hukumu ile ni wenziwe waliokuja baada yake. Sheria hiyo haifiki Zanzibar. Huku ni Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 iliyompa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa, pale penye mchango halisi.

"Halisi" ni neno zito. Mchango wa saruji una karatasi. Mchango wa kusuka makuti, kila baada ya miaka michache kwa umri wote wa ndoa, umekwisha kuingia jikoni na kuwa majivu. Isidhaniwe basi kwamba zama za makuti zilikuwa pepo kwa wanawake. Wengi waliondoka na kitanda na vyombo vyao, ua wakauacha umesimama. Ila walikuwa na kitu kimoja ambacho risiti haikuwa nacho. Mtaa mzima uliwaona wakisuka. Jirani aliyepita kwenye pengo kuomba chumvi alimkuta mke ameketi katikati ya makuti, na akiulizwa angeliweza kusema ni ya mwaka gani na yalikuwa mangapi. Ukuta wa matofali umeliziba pengo pamoja na shahidi wake.

Makuti bado yanasukwa. Mengi katika yasukwayo na wanawake wa vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja huishia mahotelini, ambako mgeni hulipa ili aketi chini yake. Huhesabiwa moja moja kabla ya kupakiwa garini, na msukaji husimama pale pale mpaka hesabu ikamilike.