Mali Bila Daftari: Jinsi Muungano Wetu Ulivyochagua Mtambo wa Hesabu

Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika kuadhimisha miaka 10 ya Muungano wetu, wengine wataandika habari za ghala, za malori na za bei ya muhogo. Sisi tuliokabidhiwa daftari twaona ni wajibu wetu kueleza jinsi lilivyohama kabatini likaingia katika kompyuta, na kwa nini tulichagua mtambo huu wala si ule. Maana fedha iliyotumika ni ya wanachama, na mwenye fedha ana haki ya kujua.

Yafaa kwanza tukumbuke yaliyotangulia. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, papa hapa Dar es Salaam. Baadaye hesabu za serikali zilitiwa katika mashine kabla watu hawajawa tayari, nazo zikavurugika. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla amri hiyo haijalegezwa. Kosa halikuwa la chuma. Wenyeji walioijua kazi hiyo walikuwa wachache mno, na utaalamu ulitoka ng'ambo.

Muungano wetu ulipoanza, kila chama cha msingi, cha Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande, kiliandika katika daftari lake. Kila mwisho wa mwezi karani wa Bunju alipanda daladala na daftari kwapani, akauvuka mji mzima hadi ofisini kwetu Temeke. Msimu mmoja mzigo wa mwanachama mmoja ulionekana katika daftari la chama lakini haukuonekana katika letu, na mwingine akalipwa mara mbili. Katika mkutano mkuu mama mmoja mtu mzima alisimama, akainua risiti yake juu. Akasema, "Wanangu, mimi nina karatasi. Ninyi mna nini?" Tulimjibu, "Mama, utuwie radhi, haki yako utaipata." Akalipwa, lakini aibu ile hatukuisahau.

Hapo ndipo Halmashauri ilipoazimia kuwa na daftari moja ambalo vyama vyote vyaweza kuliandikia kwa wakati mmoja. Kazi hiyo yahitaji kitu kiitwacho seva ya programu. Tuieleze kwa mfano. Daftari limo katika chumba cha ndani, na makarani wako madirishani. Seva ya programu ni karani mkuu asimamaye katikati: hupokea maombi ya wote, humtambua kila mmoja, humzuia asiyehusika, kisha huandika. Tena huhakikisha kwamba mzigo ulioingia ghalani na deni tunalodaiwa na mwanachama vyaandikwa vyote viwili, au kisiandikwe hata kimoja, ijapokuwa umeme umekatika katikati ya kazi.

Mapendekezo yalikuja mawili. Kampuni moja ilituletea seva ya kununua, yenye ada ya kila mwaka ambayo huongezeka kadiri mashine inavyokuwa na nguvu. Vijana wawili wa hapa mjini walipendekeza Tomcat, ambayo yapatikana bila ada na hutunzwa na shirika la Apache tangu mwaka 1999. Mzee mmoja wa Halmashauri akapinga: "Rahisi huvunja upishi. Cha bure chaaminiwaje?" Swali lilikuwa la haki, nasi hatukulipuuza.

Tukatafuta mfano. Wizara ya Afya ya nchi yetu hukusanya takwimu za zahanati na hospitali kwa mfumo wa DHIS2, uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikashiriki kuueneza hapa nchini. Hadi mwaka 2013 ulikuwa umefika mikoa yote. Mfumo huo hutumia seva ya namna hiyo hiyo ya Tomcat. Kama yabeba takwimu za nchi nzima, haitashindwa na magunia yetu.

Tena tuliona kwamba wenye maduka hubadilika. Kampuni ya BEA, iliyouza seva ya WebLogic, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2008. Sun, iliyobuni lugha ya Java, nayo ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Mkulima hanunui pampu ambayo vipuri vyake viko kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo tulitaka programu iliyoandikwa kwa kanuni zijulikanazo na wengi, iweze kuhamishwa bila kuandikwa upya.

Tukachagua Tomcat. Lakini hatukumdanganya mtu kwamba cha bure hakina gharama. Fedha ya ada tuliielekeza katika betri, jenereta, na mafunzo ya makarani wawili, ili mmoja akiugua kazi isisimame.

Hata hivyo tulikosa. Wakati wa masika ya kwanza umeme ulikatika, diski ikaharibika, na nakala ya akiba ilikuwa haijachukuliwa kwa siku kadhaa. Uzembe huo ulikuwa wetu wenyewe. Tuliokolewa na risiti za karatasi walizokuwa nazo wanachama. Tuliziomba moja moja, tukaandika upya. Miongoni mwa waliozileta kwanza alikuwa mama yule yule. Tangu hapo nakala huchukuliwa kila jioni, moja yawekwa nje ya ofisi, na risiti ya karatasi haijaondolewa.

Ndugu wanachama, mtambo ni mtumishi. Twawaomba mtunze risiti zenu, na mje ofisini mlinganishe na yaliyomo. Na enyi viongozi wa vyama, mwanachama akiomba kuona hesabu yake, asiambiwe kamwe kwamba mtambo ndio usemao. Mtambo husema yale tuliyouandikia.