Mifupa ya Herculaneum: Ushahidi Uliopita Motoni

Watu husema kwamba moto haubakizi kitu. Mwanafunzi wa historia hana budi kuutilia shaka usemi huo. Hata tanuri la kuchomea maiti, lenye joto la nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi, hubakiza kilo mbili au tatu hivi za mifupa, ambayo husagwa ndipo ikaitwa majivu. Katika insha hii nitaeleza jinsi joto kali linavyouathiri mwili wa binadamu, nikitumia mfano wa mji wa Herculaneum, Italia, ulioangamizwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 B.K. Hoja yangu ni kwamba mfupa ni shahidi mzuri, lakini kama shahidi yeyote, lazima ahojiwe.

Kwanza, tuuangalie mfupa wenyewe. Takribani theluthi mbili za uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalisi na fosfati. Sehemu kubwa iliyobaki ni kolajeni, protini inayouzuia usivunjike ovyo. Mfupa ukipata joto, maji hutoka, kisha kolajeni huungua. Rangi nayo hubadilika: huwa ya kahawia, kisha nyeusi kama mkaa, kisha kijivu, na kuanzia nyuzi 700 au 800 hivi mfupa huwa mweupe kama chokaa. Wakati huo huo chembe za madini hukua, na mfupa husinyaa na kupasuka.

Misuli pia huathirika. Joto huikaza, viwiko na magoti yakakunjika, ngumi zikafumba, mwili ukafanana na wa bondia. Hali hii humpata hata aliyekwisha kufa. Kwa hiyo tunapotazama sanamu za Pompeii, ambazo Giuseppe Fiorelli alianza kuzitengeneza mwaka 1863 kwa kumimina plasta katika mashimo yaliyoachwa na miili, tusiharakishe kusema kwamba huyu alikuwa akipigana na yule akiomba dua.

Pili, tuje Herculaneum. Mimi natoka Goma, chini ya Nyiragongo, na kwetu volkano maana yake ni lava. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji ikateketeza nyumba, lakini watu wengi mno waliikimbia wakapona. Wakazi wa Herculaneum walishukiwa na kitu kingine: wimbi la gesi na majivu ya moto, lenye kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani karibu wote walitoroka, kwa kuwa mifupa iliyopatikana mjini ilikuwa michache. Kuanzia mwaka 1980, uchimbaji ulipofika kwenye ufukwe wa kale, ilipatikana mifupa ya watu zaidi ya 300, wengi wakiwa wamebanana katika vyumba vya kuwekea mashua.

Walikufaje? Mwaka 2001 wanasayansi wa Italia waliandika kwamba joto lilifika nyuzi 500 hivi na kuwaua papo hapo. Mwaka 2018 Pierpaolo Petrone na wenzake walitaja mafuvu yaliyopasuka na masalia yenye chuma kuwa dalili kwamba damu na ubongo vilichemka vikageuka mvuke. Mwaka 2020 kundi jingine lilipima mbavu za watu 152 kutoka vyumba vile, likakuta kolajeni nyingi bado imo. Likahitimisha kwamba mifupa hiyo haikupata joto kali kiasi hicho. Lakini mwaka huo huo Petrone alieleza juu ya ubongo uliogeuka kioo cheusi ndani ya fuvu la mwanamume aliyekutwa kitandani mjini, na utafiti wa Guido Giordano wa mwaka 2025 ukaonyesha kwamba kioo hicho kilihitaji zaidi ya nyuzi 510, kisha kupoa upesi.

Kwa maoni yangu, ushahidi huu haupingani kama unavyoonekana. Joto la hewa si joto la mfupa. Mchoma nyama yeyote anajua kwamba nje inaweza kuungua huku ndani, karibu na mfupa, bado ni mbichi. Yule wa kitandani alikuwa peke yake; wale wa ufukweni walikuwa mamia, wamekingwa na kuta na kwa miili yao wenyewe iliyojaa maji. Kosa ni kutafuta nyuzi za aina moja kwa mji mzima.

Nadhani pia kuna sababu isiyo ya kisayansi inayoipendezesha habari ya kifo cha papo hapo: inatufariji. Mbavu zile hazituahidi faraja hiyo. Huenda baadhi yao walikosa pumzi kabla ya kufa, na mwanahistoria hana ruhusa ya kuwafupishia mateso kwa kalamu.

Kwa kuhitimisha, shahidi wa macho ambaye maandishi yake yametufikia ni Plinius Mdogo, aliyekuwa Misenum, ng'ambo ya ghuba. Katika barua zake kwa Tacitus alisimulia kifo cha mjomba wake, mkuu wa jeshi la majini. Herculaneum hakuitaja kwa jina. Waliojibanza katika vyumba vya mashua hawakuacha barua. Kauli yao ni mifupa yao, nasi tunawajibika kuisoma polepole.