Reli na Karakana Yake: Kutoka Tororo Hata Ufaransa

Majanji yetu iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na watu wake wameizoea mitumbwi kuliko magari ya moshi. Reli iliyo karibu nasi hupita Tororo, upande wa kaskazini. Siku moja tulikuwa tukiwaonyesha wanafunzi picha ya treni ya Ufaransa iendayo kasi. Wote waliustaajabia mwendo wake, ila mmoja aliuliza: "Mwalimu, likiharibika hupelekwa wapi?" Swali hilo lilitufikirisha sana. Katika makala haya tutajaribu kulijibu, kwani ndani yake imo historia ya reli yetu wenyewe.

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi reli ilivyofika huku. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa 1901 njia ikafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Wakati huo Kisumu ilikuwa bado ndani ya mipaka ya Uganda. Mpaka ulisogezwa magharibi mwaka 1902. Kwa miaka mingi shehena za Uganda zilivushwa kwa meli. Baadaye ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru, ikapanda Timboroa, penye kimo cha zaidi ya mita 2,700, ikateremkia Eldoret na kuvuka Malaba hata Tororo. Tawi la kutoka Tororo kwenda Mbale na Soroti lilifunguliwa mwaka 1929, nayo njia kuu ikafika Kampala mwaka 1931. Hivyo Tororo ikawa makutano ya reli.

Reli haikuleta pamba na saruji tu. Ilikusanya Wahindi, Wajaluo, Waluhya, Wateso, Wapadhola na wengineo katika kazi moja, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana kazini. Genge lililokaza mataruma, makuli waliopakia mabehewa na mafundi wa karakana walihitaji maneno ambayo kila mmoja angeyafahamu upesi, maana amri isiyoeleweka relini huweza kuua mtu. Neno karakana lenyewe lina asili ya Kiajemi, na Wahindi pia wanalo katika lugha zao. Mwalimu anayelifundisha anafundisha pia safari ya watu waliolitumia.

Hapana shaka kwamba wengi wetu wenye umri mkubwa kidogo tumesimuliwa habari za vichwa vikubwa vya mvuke vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vilivyosifika zaidi ni vile vya daraja la 59, vilivyopewa majina ya milima. Vilikuwa 34, vikaundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester miaka ya 1955 na 1956, na kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Huku Uganda, ambako vyuma vya reli vilikuwa vyepesi, vilitumika vichwa vyepesi zaidi.

Lakini nguvu hizo zote zilitegemea kazi isiyoonekana na abiria. Kichwa cha mvuke hakina budi kusafishwa tangi lake la kuchemshia maji, kutiwa grisi, na kugongwa magurudumu kwa nyundo ili fundi asikie kama chuma kina ufa. Matengenezo makubwa yalifanywa katika karakana kuu ya Nairobi, iliyohudumia nchi zaidi ya moja.

Hapo ndipo lilipo jibu letu la kwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na reli yake. Vichwa na mabehewa viliweza kugawanywa. Karakana kuu haikugawanyika. Uganda ilijikuta ina njia na magari, lakini mahali pa matengenezo makubwa pamebaki ng'ambo ya mpaka. Ikalazimika kujenga karakana yake huko Nalukolongo, Kampala. Vita na upungufu wa fedha vikaongeza taabu, hata safari za abiria zikasimama katika miaka ya 1990. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tuitazame Ufaransa. Treni zake ziendazo kasi zilianza kazi kati ya Paris na Lyon mwaka 1981, zikienda kilomita 260 kwa saa. Mwaka 2007 treni moja ya majaribio ilifikia kilomita 574.8 kwa saa. Wengi huikariri tarakimu hiyo. Sisi twaona fahari kubwa zaidi katika jambo jingine: treni za kwanza zilitumika karibu miaka 40. Mabehewa yake yameunganishwa kwa namna ambayo mawili yanayofuatana hukalia seti moja ya magurudumu. Kwa hiyo hayaachanishwi ovyo, bali treni nzima huingizwa katika karakana ndefu. Njia nayo hukaguliwa usiku, wakati abiria wamelala. Moroko, iliyofungua reli ya namna hiyo mwaka 2018 kati ya Tanger na Casablanca, ilijenga na karakana yake huko Tanger.

Jambo hili latuhusu. Tanzania ilianza safari za treni za umeme mwaka 2024, na mwaka huohuo Uganda ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Watoto wetu wa Busia na Tororo wataiona ikipita. Je, watakuwa abiria tu, au watakuwamo miongoni mwa mafundi?

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tunapofundisha msamiati wa usafiri tusiishie kwenye stesheni na tikiti. Tuwafundishe pia karakana, mataruma, ukaguzi na matengenezo. Aliyeuliza swali siku ile hakukosa adabu wala hakutoka nje ya somo. Alikuwa ameona nusu ya reli ambayo picha haikuionyesha.