Asili ya Karatasi za Stempu za Kale

Stempu ya kwanza ya posta yenye gundi, ile nyeusi ya peni moja iliyoanza kutumika rasmi Uingereza tarehe 6 Mei 1840, ilichapwa London na kampuni ya Perkins, Bacon & Petch, lakini karatasi yake haikutengenezwa London. Ilitoka Rush Mill, kiwanda kilichokuwa kando ya mto Nene karibu na mji wa Northampton, ambako Stacey Wise alitengeneza karatasi kwa ajili ya serikali. Kabla ya kufika kwa wachapaji, karatasi hiyo ilikuwa imeshawekewa ndani yake alama ambayo mtu wa kawaida hakuweza kuiiga, na kwa sababu hiyo ilihesabiwa na kulindwa kama mali ya serikali hata ilipokuwa bado tupu. Asili ya karatasi basi si jambo la pembeni katika historia ya stempu, kwa kuwa inaonyesha ni nani aliyeaminiwa, kwa njia gani, na nini kilitokea pale ambapo mamlaka ilikosa karatasi iliyoitaka.

Wakati huo karatasi nzuri ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, kwani karatasi ya miti ilikuwa bado haijaingia sokoni. Matambara yalichaguliwa, yakafuliwa, yakapondwa ndani ya maji mpaka nyuzi zikaachana na kuwa uji mwepesi. Fundi alichovya ndani ya uji huo fremu yenye wavu wa waya, akaiinua na kuitikisa ili maji yachuje na nyuzi zishikamane, kisha tabaka lililobaki juu ya wavu likahamishiwa kwenye kitambaa cha sufu, likashindiliwa, likakaushwa na kupakwa gundi ya wanyama ili wino usisambae. Karatasi za Rush Mill zilitengenezwa hivyo, moja baada ya nyingine, na ndiyo maana unene wake haulingani, hata katika stempu zilizochapwa kwa bamba moja.

Juu ya wavu wa fremu hizo vilishonwa vipande vidogo vya waya vilivyokunjwa kwa umbo la taji. Mahali waya ulipokaa, uji ulitulia kwa wembamba zaidi, na karatasi ilipokauka ikabaki na taji lisiloonekana mpaka iinuliwe kwenye mwanga. Alama ya namna hiyo huitwa alama ya maji. Kila karatasi ilibeba stempu 240, yaani safu 20 za stempu 12 kila moja, na kwa kuwa pauni moja ilikuwa na peni 240, karatasi nzima ilikuwa na thamani ya pauni moja kamili. Mataji nayo yalikuwa 240, moja kwa kila stempu, na kwa kuwa kila waya ulikunjwa kwa mkono, mataji hayafanani kabisa. Mchunguzi wa stempu hadi leo huilaza stempu kifudifudi ndani ya kisahani cheusi na kuidondoshea benzini kidogo, na kwa sekunde chache taji hujitokeza likiwa limeinama upande, au limepinduka kichwa chini pale mchapaji alipoiweka karatasi kinyume. Taji hilo ni kazi ya fundi wa waya, nalo huisaidia stempu kujitetea pale uhalali wake unapotiliwa shaka.

Uchapaji wenyewe uliisumbua karatasi. Stempu hizo zilichapwa kwa mabamba ya chuma yaliyochongwa, ambamo wino hukaa ndani ya mistari na si juu ya uso wa bamba, na ili karatasi iweze kuuvuta wino huo ilibidi iloweshwe kwanza kisha igandamizwe kwa nguvu. Ilipokauka ilinywea, na haikunywea kwa kiasi kile kile kila mara, hivyo stempu mbili kutoka bamba moja zinaweza kutofautiana kidogo kwa ukubwa. Jambo la kuvutia zaidi ni rangi ya samawati inayoonekana kwenye karatasi ya stempu nyekundu za peni moja, zilizochukua nafasi ya zile nyeusi mwaka 1841. Karatasi hiyo ilitoka kiwandani ikiwa nyeupe. Ndani ya wino mlikuwa na chumvi ya kikemikali yenye uhusiano na rangi ya samawati ya Prussia, na chumvi hiyo ilipokutana na unyevu wa karatasi iliyoloweshwa ilizaa samawati iliyopenya hadi nyuma. Pale ambapo kichwa cha Malkia Victoria kilikuwa na wino mchache, upande wa nyuma ulibaki mweupe, na sura yake ikaonekana kana kwamba imechorwa mara ya pili. Mwaka 1855 taji dogo lilibadilishwa likawa taji kubwa, na samawati ikatoweka taratibu katika miaka iliyofuata.

Serikali haikuitegemea alama ya maji peke yake. John Dickinson, mwenye viwanda vya karatasi huko Hertfordshire, alikuwa na njia ya kupitisha nyuzi za hariri ndani ya karatasi wakati ikitengenezwa na mashine, na karatasi yake ilitumika kwa bahasha za posta za mwaka 1840 zinazoitwa bahasha za Mulready, na baadaye kwa stempu za shilingi moja na zile za peni kumi za miaka ya 1847 na 1848. Bavaria na Uswisi nazo zilitumia nyuzi za hariri katika stempu zao za mwanzo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki karatasi ya stempu ilifika kwa njia za mzunguko. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala kutoka Mombasa ilianza mwaka 1890 kwa kutumia stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la kampuni juu yake, kisha ikapata stempu zake kutoka kwa wachapaji Bradbury, Wilkinson. Unguja, mwaka 1895, stempu za India zenye alama ya nyota zilipigwa chapa ya jina Zanzibar, kwa hiyo karatasi iliyochapwa London ilikuwa imepitia utawala wa India kabla ya kubandikwa kwenye barua ya Forodhani. Mwaka uliofuata stempu zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini zilichapwa na De La Rue kwenye karatasi yenye alama ya waridi dogo. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu makoloni mengi ya Uingereza yaligawana karatasi moja yenye taji na herufi CA, za mawakala walioyanunulia mahitaji yao, ilhali Unguja, ambayo ilikuwa himaya yenye sultani wake, ilichapiwa kwenye karatasi yenye alama nyingine.

Huko Uganda mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar, aliyekuwa Mengo, alipiga taipu stempu moja moja kwenye karatasi nyembamba yenye mistari hafifu iliyoachwa na waya wa fremu, na thamani yake ikaandikwa kwa simbi, zile kauri zilizotumika kama fedha, kwa hesabu ya simbi 200 kwa rupia moja. Karatasi hiyo haikuwa na taji wala waridi, na haikupita kwenye ghala lolote la serikali. Uhalali wake ulitokana na ukweli kwamba mashine za taipu zilikuwa chache mno nchini na watu wa posta waliijua kazi ya Millar. Mwaka 1898 zilipofika stempu za De La Rue, karatasi yenye taji ikachukua nafasi yake, lakini kwa miaka mitatu hivi posta ya Uganda iliendeshwa kwa kuaminiana kwa namna ambayo kiwanda cha Northampton kisingeweza kuitengeneza.

Vita Kuu ya Kwanza iliirudisha hali hiyo ya kukosa karatasi rasmi katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Meli zilipozuiwa kufika pwani, stempu zikapungua, na kiwanda cha chapa cha misheni ya Vuga, katika milima ya Usambara, kikachapa stempu za dharura mwaka 1916. Meli Marie ilipofanikiwa kupenya hadi ghuba ya Sudi mwezi Machi ikiwa na shehena mpya, stempu za Vuga hazikuhitajika tena, nazo zikazikwa ardhini ili zisianguke mikononi mwa Waingereza. Zilifukuliwa mwaka 1921, na nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu.

Vita hiyo hiyo ilizaa karatasi ya ajabu kuliko zote huko Latvia, nchi iliyojitangazia uhuru Novemba 1918 ikiwa haina karatasi ya kuchapia. Stempu zake za kwanza, za kapeika 5, zilitolewa Riga mwezi Desemba zikiwa zimechapwa nyuma ya ramani za kijeshi zilizoachwa na Wajerumani, stempu 228 kwa kila karatasi. Nyuma ya stempu moja pana kipande cha mto, nyuma ya nyingine pana msitu au jina la kijiji, na wakusanyaji wenye subira wameweza kuzipanga upya hadi wakaitambua ramani iliyokuwapo. Miaka michache baadaye nchi hiyo hiyo ilichapa stempu nyuma ya noti za fedha ambazo hazikukamilishwa, zikiwemo za baraza la wafanyakazi la Riga na za jeshi la Bermondt-Avalov, yaani tawala mbili ambazo Latvia ilikuwa imepigana nazo zote.