Kadi ya ukaazi wa kudumu, Marekani

Kadi ya ukaazi wa kudumu, maarufu kama kadi ya kijani, ni kitambulisho cha mgeni aliyeruhusiwa kuishi na kufanya kazi Marekani moja kwa moja. Wakimbizi waliopokelewa huko, wakiwemo Wakongo wa Kivu Kusini, huiomba baada ya mwaka 1. Kadi ya kawaida hudumu miaka 10; tarehe ya mwisho imechapwa upande wa mbele. Kuihuisha, mwenyewe hujaza fomu I-90 ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, ndani ya miezi 6 kabla haijaisha, na huweza kuitwa kutoa alama za vidole. Kadi ikiisha muda, haki ya ukaazi haifutiki, ila kazi na safari hutatizika.