Mwandishi wa Hadithi Baada ya Saa za Kazi

Hapa Mbalizi, magharibi ya mji wa Mbeya, baridi ya mwezi Juni huwafanya watu wafunge milango mapema. Saa hizo ndizo zangu za kuandika. Vijana wa sekondari huniletea madaftari yao ya hadithi, na swali lao aghalabu ni moja: mtu asiyeajiriwa kwa kalamu yake aandike lini, na kwa namna gani? Huwajibu kwa habari za Shaaban Robert.

Mzaliwa huyo wa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akaishika hata 1944. Akahamia Mpwapwa, kisha akarudi Tanga. Riziki yake ilitoka mezani kwa serikali ya Waingereza, na hadithi zilipata saa zilizobaki. Tena alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Zile alizompelekea ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, zilikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 2002. Mkono uliozoea barua haugomi mbele ya hadithi.

Lakini karani wa serikali angewezaje kuisema serikali? Katika *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani, mahali ambapo hakuna mkuu wa wilaya awezaye kupadai kuwa ni pake. Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema, wakarudi wakaadhibiwa. Nadhani umbo hilo lilimfaa pia mtu mwenye jioni tu: habari ya mjumbe mmoja yaweza kumalizwa, ikawekwa kando, na nyingine ikaanzwa baada ya juma la kazi nyingi. Nakiri kwamba safari hizo zinafanana mno, na msomaji huanza kuchoka kabla ya mjumbe wa sita. Hata hivyo hukumu hungojewa kwa hamu.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, C. G. Mung'ong'o alishika njia ya pili. *Mirathi ya Hatari*, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977, haikukimbilia angani. Ilishuka Njombe, ambayo wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Iringa, ikaeleza urithi wa uchawi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mkoloni alikuwa amekwisha ondoka. Aliyebaki kuogopwa ni jirani. Kumwandika jirani, ndugu msomaji, si kazi nyepesi kuliko kumwandika mfalme.

Jambo la mwisho ni la karatasi. *Kufikirika* kiliandikwa mwaka 1946, lakini mtungaji alifariki mwezi Juni 1962 kabla hakijawa kitabu. Mswada ule ulingoja zaidi ya miaka 20, ukasalimika. Wangu haukusalimika. Niliupeleka kwa mchapishaji mmoja bila kuweka nakala, kwa ubahili wa karatasi ya kaboni, na sikuuona tena. Nilipojaribu kuuandika upya nilikumbuka matukio yote, ila maneno yalikuwa yamekwenda. Tangu hapo kijana akiniletea daftari moja, humrudisha nyumbani akanakili la pili, ndipo tusome.