Makinikia na mshahara wa Bugarama

Testi zimeisha juzi, angalau napumua. Kwenye semina ya historia jamaa mmoja kasema mnyororo wa biashara ya dunia ni stori za Ulaya na Marekani. Mimi mtoto wa Bugarama nikacheka tu. Hebu tuone.

Zamani wachimbaji wadogo walikuwa wanachimba wenyewe Bulyanhulu. Agosti 1996 wakaondolewa, eneo likawa la Sutton Resources ya Canada. Mwaka 1999 Barrick wakainunua Sutton, na 2001 mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji. Riziki ikawa mkataba na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Sasa sikilizeni. Dhahabu ya pale imechanganyika na shaba, kwa hiyo haitoki yote kuwa tofali palepale. Nyingine inabaki kwenye makinikia, yanapakiwa kwenye kontena, lori mpaka bandari ya Dar, kisha meli kwenda kuyeyushwa nje. Kumbe mshahara wa mtu anayetoboa mwamba kwetu ulikuwa umefungwa kwenye tanuru ambalo hajawahi kuliona!

Machi 2017 serikali ya Magufuli ikapiga marufuku kusafirisha makinikia, hoja ikiwa nchi inapunjwa. Kontena 277 zikakwama Dar. Septemba mwaka huohuo Acacia, waliokuwa wanauendesha mgodi, wakatangaza kupunguza shughuli. Ajira kama 2,000 zikaguswa, za waajiriwa na za wakandarasi. Fundi akikosa mshahara, mama ntilie anakosa mteja, mwenye nyumba anakosa kodi, bodaboda anakosa abiria. Hao wote hawana mkataba na mgodi, kwa hiyo hakuna anayewalipa kiinua mgongo.

Mwaka 2019 Barrick wakaichukua Acacia yote, na Januari 2020 wakasaini na serikali. Ikazaliwa Twiga Minerals, serikali ikiwa na hisa 16%. Makinikia yakasafiri tena, na mwishoni mwa 2020 uchimbaji chini ya ardhi ukarudi.

Mimi sisemi serikali ilikosea kudai chake. Ila nchi ilipata hisa, kampuni ikapata mgodi wake, na yule aliyekaa miaka mitatu bila mshahara hakuwa na kiti kwenye meza ya mazungumzo. Nikipewa darasa la historia, hilo ndilo swali nitakaloandika ubaoni: wakubwa wakibishana juu ya bei, nani analipa nauli?

Nyie wadau mnaonaje? Haya, naenda kantini, njaa inauma.